Sura aliyoing'oa mwenyewe

Wadogo zangu, kitabu kimerudi. Kilitoka kwangu mwezi wa nne kikiwa na jalada safi. Jana jioni kimerudi na duara la kikombe cha chai, kinanuka ndagala, na ndani yake mmekunja barua kumi na moja. Nimezisoma zote usiku kwa taa ya simu, maana umeme ulikatika mapema. Moja nimeirudia mara tatu. Hiyo nitaifikia, ila lazima nipite kwanza kwa nyingine, kwa sababu kila aliyeniandikia anangoja jibu lake.

Kwa asiyekuwepo tulipoanza: ni riwaya ya Imaro, ya Charles R. Saunders. Mdogo wangu anayeishi Ottawa alinitumia kwa mkono wa jirani aliyekuja msibani. Imeandikwa kwa Kiingereza, na wengi wenu Kiingereza mlikikuta shuleni nyuma ya Kirundi na Kifaransa, kwa hiyo tukaisoma kwa sauti barazani kwangu Buyenzi, hapa Bujumbura, Jumamosi hadi Jumamosi: mmoja anasoma, mwingine anatafsiri, wa tatu anabisha. Waliokosa baraza wakaichukua nyumbani kwa zamu.

Ni hadithi ya mapanga na uchawi. Imaro amezaliwa kwa Wailyassai, wafugaji wakali ambao mwandishi aliwachonga huku akiwatazama Wamaasai. Mama yake, Katisa, alimzaa na mwanamume asiye wa kabila lao, akalazimika kuondoka na kumwacha mtoto wa miaka mitano alelewe kishujaa na watu waliomfukuza yeye. Wakamlisha, wakamfunza mkuki, wakamnyima upendo. Anakua na nguvu za kutisha, anapambana na wachawi waliojiuza kwa mashetani yaitwayo Mashataan, anaongoza haramia, anampenda Tanisha. Na bara lote ambamo mambo haya yanatokea linaitwa Nyumbani.

Nyumbani! Barua nne zimeanzia hapo. Msichana wa Bwiza anasema alipoona ramani yenye jina hilo alicheka kwa furaha, kisha machozi yakamjia, hajui kwa nini. Mimi najua, mdogo wangu. Tumezoea kufungua vitabu vya falme za kubuni tukakuta misitu ya theluji na majina yanayokwaruza koo. Hapa mtu ameketi Kanada akitafuta jina la dunia nzima ya ndoto zake, na neno lililomtosha ni lile unalomwambia dereva wa teksi saa mbili usiku.

Saunders alizaliwa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1946, akahamia Kanada mwaka 1969. Alipenda mno hadithi za Conan, yule shujaa wa panga ambaye Robert E. Howard wa Texas alianza kumchapisha mwaka 1932. Alizipenda, na zikamuumiza, kwa sababu kila Mwafrika aliyetokea humo alikuwa mshenzi wa kuchinjwa au mtumwa wa kubeba mizigo. Mwaka 1975 aliandika makala kali kuhusu ubaguzi katika fasihi hiyo aliyoipenda. Lakini makala hayakumtosha. Tayari alikuwa amekwisha kuanza kumwandika Imaro, na moja ya hadithi za mwanzo, ya mwaka 1974, aliipa kichwa cha lugha yetu: M'ji ya Wazimu. Mzee wa Avenue ya jirani, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, ameniandikia kwa wino mwekundu kwamba ingekuwa mji wa wazimu. Ni kweli, Mwalimu. Lakini mwone mtu huyo katika miaka ile, hana wa kumuuliza, ana kamusi tu, na bado anachagua Kiswahili badala ya Kilatini. Mimi ngeli hiyo nimemsamehe kabisa.

Sasa mama wa Ngagara. Unasema mwanao wa miaka kumi na mmoja amekikuta kitabu chini ya mto wa kaka yake, na mchungaji amekuambia uchawi unaingia kwa macho. Mama, nakuheshimu, na nitakujibu kwa sehemu mbili. Kuhusu umri, uko sahihi: kitabu hiki kina damu nyingi, watu wanakatwa, wanateswa. Miaka kumi na mmoja ni mapema. Mpe akifika kumi na minne au kumi na mitano, na ukisome pamoja naye. Kuhusu uchawi, sikubaliani. Mchawi humo ni adui kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Biblia unayomsomea mtoto ina mwanamke wa Endori aliyempandishia Sauli roho ya Samweli, na hukuing'oa karatasi hiyo. Na majirani zangu Waislamu wamelelewa na tenzi za vita vya Mtume na masahaba, zenye mazimwi na majini na panga zinazopasua mtu mara mbili. Utenzi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728. Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ambaye mkuki haukumdhuru wala mshale, aliuawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni. Muhammad Kijumwa wa Lamu alimtungia utenzi mwaka 1913. Nilisoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert nikiwa mtoto mkimbizi Kigoma, ndugu wawili wakigeuzwa manyani, mji mzima umekuwa mawe, na nilichobaki nacho ni hofu ya husuda, basi. Hadithi za upanga na maajabu hazikutujia na meli ya Wazungu, mama. Zilikuwapo barazani.

Dada wa Kanyosha anauliza kwa nini Tanisha hafanyi mengi zaidi ya kupendwa na kutekwa. Nakubaliana naye kabisa. Saunders alikuja kuandika Dossouye, kitabu kizima cha mwanamke mpiganaji kilichotoka mwaka 2008, kwa hiyo nadhani lawama hiyo ilimfikia hata yeye.

Kisha kuna barua ndogo, nusu karatasi, ya binti ambaye sitasema hata mtaa wake. Baba yake upande mmoja, mama yake upande mwingine. Mnajua jina wanaloitwa watoto kama yeye hapa mjini, Hutsi, Hutu na Tutsi kwa neno moja, wengine wakilitamka kwa mzaha na wengine kwa kutema mate. Ameandika kwamba alipofika pale Imaro mtoto anapoitwa na wenzake mwana asiye na baba, alifunga kitabu akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa tayari safi. Halafu akarudi akasoma hadi mwisho kwa siku mbili. Mdogo wangu, sina ushauri kwako, hukuniomba. Barua yako nimeiweka kwenye Kurani ya marehemu bibi, mahali pa vitu tusivyovipoteza.

Nije kwenye ugomvi.

Nakala yangu ni ya mwaka 2006, iliyotolewa upya na Night Shade Books. Toleo la kwanza lilichapishwa na DAW mwaka 1981, na liliingia sokoni kwa mkosi: mchapishaji aliweka kwenye jalada maneno ya kumwita Imaro Tarzan mweusi, warithi wa Tarzan wakatishia mahakama, kitabu kikacheleweshwa. Fikirieni uchungu wake. Mtu anaandika miaka ili kumtoa Mwafrika kwenye kivuli cha Tarzan, halafu jalada linamrudisha humo humo. Vikatoka vitatu, mauzo yakawa hafifu, mfululizo ukakatwa mwaka 1985. Kwa zaidi ya miaka ishirini Imaro aliishi kwenye masanduku ya vitabu vya mitumba tu, hadi toleo hili jipya.

Na katika toleo hili jipya, sura moja haimo. Ile ya 1981 ilikuwa na sehemu iliyohusu watumwa wa wafalme majitu. Kati ya matoleo hayo mawili ulipita mwaka 1994. Saunders aliitazama sura yake, akaona inafanana mno na mauaji ya kimbari ya Rwanda, akaamua haitarudi. Aliandika nyingine mpya mahali pake, The Afua, na katika utangulizi akasema wazi kwa nini.

Jumamosi tuliyousoma utangulizi huo, baraza lilipasuka. Mnakumbuka. Kijana wa Cibitoke alisimama akasema ni woga, kwamba hadithi iliyoandikwa kabla haiwezi kuwa na hatia ya yaliyotokea baada. Wa Nyakabiga akamjibu kuwa mtu ana haki na kazi yake kama mwenye shamba na shina lake. Mwingine akasema: Dada, tutafutie toleo la zamani, sisi ni watu wazima, tusifichwe. Na mama mmoja aliyekuwa amekuja kuchukua sufuria yake tu, ambaye hakuwa hata msomaji, akauliza kwa upole, kwa Kirundi, hao majitu walikuwa warefu kiasi gani. Hakuna aliyemjibu. Chai ilipoa.

Toleo la zamani nikilipata nitaliweka mezani kama hili, na atakaye atalisoma. Sitawafungia. Lakini anayeita uamuzi ule woga, namwomba afuatane nami mbali kidogo.

Wazo la wafalme warefu waliotoka mbali kuja kuwatawala wafupi waliozaliwa kulima halikubuniwa na Saunders. Lilikuwa limelala kwenye vitabu vya maktaba alivyovitegemea. John Hanning Speke alifika Ziwa Tanganyika pamoja na Richard Burton mwaka 1858, na kitabu alichotoa mwaka 1863 baada ya safari yake ya Nili kilidai kwamba watawala wa nchi zetu za maziwa lazima walikuwa damu nyingine, wavamizi kutoka Ethiopia, kwa sababu hakuweza kuamini kuwa dola na adabu zile zilimea hapa. Ilikuwa ngano. Ilivaa koti la elimu, ikaingia seminari na ofisi. Wabelgiji walipotutawala waliifanya kanuni: nani awe chifu, nani asomeshwe nini. Watoto wakafundishwa ngano hiyo kama hesabu, wakawa wazazi, wakawafundisha watoto wao. Mauaji yaliyofuata, 1972, 1993, kila nyumba ya mji huu ina idadi yake, sihitaji kuhesabu.

Kwa hiyo mtu akiniambia hadithi haina hatia, nachelea kuitikia. Hapa kwetu tuliwahi kuishi ndani ya hadithi ya mtu mwingine.

Nilipokuwa mdogo tulikuwa na mchezo uani, wafalme na watumwa. Mtoto wa jirani, mrefu, shingo kama ya korongo, alikuwa mfalme kila siku. Hatukujiuliza kwa nini yeye. Tulimbeba juu ya kipande cha bati, tukampigia makopo kama ngoma. Oktoba 1993 rais Ndadaye akauawa. Tulipokuja kutoka tena uani baada ya majuma kadhaa, yule mtoto alichukua lile bati mwenyewe akaliegemeza ukutani, nyuma ya choo, akasema leo tucheze mpira. Alikuwa na miaka kumi. Hakuna mkubwa aliyemwambia. Naona Saunders, mtu mzima wa miaka karibu sitini, alifanya lile lile alilofanya mtoto yule. Na sioni woga hapo. Mwoga angeiacha sura irudi kimya kimya, maana nani angemshtaki? Wasomaji wake wengi hawakuwa hata na habari. Au angeinyofoa bila kusema neno. Yeye aliing'oa mchana, akaeleza, kisha akaketi kuandika nyingine.

Hilo la mwisho ndilo linalonileta kwenye barua yako, kijana wa Kinama.

Unasema umeandika daftari mbili. Ufalme kwenye tambarare ya Rusizi, zamani zisizo na tarehe. Vilimani wanakaa majitu wenye ng'ombe wanaomeremeta usiku, bondeni wanakaa wafupi wanaochimba chuma, na shujaa wako ni mfua chuma atakayewaangusha. Uliwasomea wenzako bwenini. Walisikiliza kwa raha hadi ukurasa wa saba, mmoja akasimama akatoka, wengine wakaangalia simu zao. Aliyetoka hajakusemesha tangu siku hiyo. Ukaniuliza: nizichome?

Usizichome. Daftari zilizochomwa hazimfundishi mtu kitu, na aliyetoka hatajua umezichoma.

Kwanza mtafute yule rafiki. Usiende na maelezo kwamba ni hadithi tu, usimwambie hukukusudia. Anajua hukukusudia, ndiyo maana alitoka badala ya kukupiga. Mwulize alikumbuka nini. Akikataa kusema, kaa naye hivyo hivyo, mle hata maharage, uondoke. Rudi siku nyingine.

Kisha fungua daftari, na usome kama adui yako angesoma. Utaona kwamba majitu wako hawana majina, wana vimo. Hujasema hata mmoja wao anadaiwa nini, anamwogopa mama mkwe gani, alimzika nani. Uovu wao ni mifupa yao. Hapo ndipo Speke alipokaa ndani ya kalamu yako bila wewe kumkaribisha. Mfua chuma wako naye ni mwema kwa sababu ni mfupi. Msomaji mrefu akifika ukurasa wa saba ataingilia wapi? Hujamwachia mlango.

Na mdogo wangu, kwa nini umejinyima utajiri wote tulio nao? Wafalme wa kweli wa nchi hii walikuwa wa Baganwa, ambao kwa desturi hawakuhesabiwa upande huu wala ule. Hapo tu hesabu yako ya majitu na wafupi imekwisha vunjika. Una Bashingantahe, wazee wenye fimbo ya haki, waliotoka pande zote na kuamua kesi hata za wakubwa. Una banyamabanga, watunza siri za ufalme, neno lenyewe tayari lina moshi wa uchawi ndani yake. Una Karyenda, ngoma takatifu, na Umuganuro, sikukuu ya mtama, siku ambayo bila ngoma ile nchi isingepanda mbegu. Nenda Gishora, karibu na Gitega, ukawasikie wapiga ngoma wa ukoo uliokabidhiwa ulinzi wa ngoma za pale. Sasa niambie: ikiibiwa Karyenda usiku wa kuamkia Umuganuro, nani atatumwa kuifuata? Mganwa aliyedharauliwa na ndugu zake? Mfua chuma wako, ambaye nampenda, usimtupe? Mwanamke anayejua siri ambayo mwanamke haruhusiwi kuijua? Waende watatu, wasiaminiane, wavuke ziwa hadi upande wa Uvira, na mchawi wao awe mtu aliyechagua kuwa mchawi, kwa tamaa, kwa kisasi, kwa huzuni ya mtoto aliyekufa. Mtu akichagua uovu msomaji yeyote anaweza kumchukia bila kujitazama kwenye kioo kwanza.

Hayo ni yangu, unaweza kuyakataa. Ninachokuomba usikatae ni kuandika upya. Saunders alikuwa na sababu zote za kuacha. Wachapishaji walimwacha zaidi ya mara moja. Toleo hili la 2006 lilifuatiwa na kitabu cha pili mwaka 2008, kisha mfululizo ukakatika tena, na gazeti la Halifax alilolifanyia kazi likafungwa mwaka huo huo. Akatoa mwendelezo wa Imaro kwa juhudi zake na marafiki. Aina hii ya hadithi akaipa jina lake, upanga na roho. Alifariki Mei 2020, peke yake, akazikwa bila jiwe la kaburi, na watu walipopata habari miezi baadaye, wasomaji na waandishi aliowatia moyo walichanga fedha akawekewa. Nimeitazama picha ya jiwe hilo kwenye simu ya mdogo wangu muda mrefu. Mtu aliyeita bara letu Nyumbani alilala karibu na bahari ya baridi bila jina juu yake, wageni wakaja wakamwandika.

Jumamosi hii baraza liko wazi kama kawaida, baada ya alasiri. Zamu ya kitabu ni ya dada wa Kanyosha. Aje na kitambaa cha kukifungia, mvua imeanza. Mama wa sufuria nimemwalika rasmi, amesema atakuja, na nimemwandalia jibu la swali lake, kwa Kirundi. Kijana wa Kinama, njoo na daftari zote mbili na kalamu. Ukurasa wa saba tutausoma wa mwisho, na kama rafiki yako atakubali kuja, kiti kilicho karibu na mlango ni chake.